Tanis: Mji Mkuu wa Mafarao Uliojengwa kwa Mawe ya Mji Mwingine

Dhana iliyodumu kuliko zote kuhusu Tanis, magofu yaliyoko San el-Hagar kaskazini-mashariki mwa Delta ya Nile, ni kwamba hapo ndipo palipokuwa Pi-Ramesses, mji mkuu wa Ramses II katika karne ya 13 K.K. Haikuwa dhana ya watu wasiosoma. Pierre Montet, Mfaransa aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1929, aliishikilia kwa dhati, kwa sababu kila upande alikuta obeliski (minara ya jiwe moja yenye ncha juu), nguzo na sanamu zenye jina la Ramses. Isitoshe, Zaburi ya 78 inataja maajabu yaliyotendeka katika konde la Soani, yaani Tanis, hivyo wasomaji wa Biblia waliona wepesi kuuhusisha mji huo na Ramesesi wa Kutoka 1:11.

Ukweli ni kwamba jina kwenye jiwe humtaja aliyelichongesha, wala halisemi jiwe hilo lilisimama wapi hapo mwanzo. Obeliski nyingi za Tanis zilivunjwa na kutumiwa kama mawe ya kawaida ya ujenzi, na chini yake hakuna msingi hata mmoja wa enzi za Ramses. Mwanaakiolojia Mmisri Mahmud Hamza alipendekeza mapema kwamba Pi-Ramesses ilikuwa Qantir, takriban kilomita 20 kusini, na uchimbaji ulioongozwa na Manfred Bietak katika eneo hilo tangu mwaka 1966 ulimpa haki: humo yamepatikana mabaki ya mji mkubwa, yakiwemo mazizi ya mamia ya farasi wa kifalme. Kilichouhamisha mji ni maji. Tawi la Nile lililopita Pi-Ramesses lilijaa tope, bandari ikafa, na wafalme wa nasaba ya 21, kuanzia Smendes mnamo mwaka 1069 K.K., wakajiimarisha Tanis na kuyahamishia huko mawe ya wakubwa wao.

Kutokana na hayo, wengine husema wafalme wa Tanis walikuwa mafukara waliookoteza vya wenzao. Kaburi la Psusennes I, mmoja wa wafalme hao, ambalo Montet alilifungua mwaka 1940, halikubaliani nao. Jeneza la nje, la itale nyekundu, lilikuwa kweli la Merneptah, mwana wa Ramses II. Majina yake yalifutwa na kuandikwa ya Psusennes, ila moja likaachwa, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya, maana kujihusisha na ukoo ule kulikuwa na heshima yake. Ndani yake mlikuwa na jeneza la itale nyeusi, nalo pia la zamani, kisha jeneza la fedha tupu, madini ambayo Misri iliyaagiza kutoka nje, na usoni pa mfalme barakoa ya dhahabu. Unyevu wa Delta ulikuwa umeozesha mbao, nguo na mwili, ukabakisha mifupa. Wezi, hata hivyo, hawakuwa wamefika, ilhali kaburi la Tutankhamun, ambalo wengi hudhani ndilo pekee lililosalimika, liliingiliwa tangu zama za kale. Miezi michache baadaye Ujerumani iliivamia Ufaransa, na magazeti yakawa na habari nyingine.

Filamu mashuhuri ya mwaka 1981, Raiders of the Lost Ark, iliwaaminisha watazamaji kwamba Tanis ulifukiwa na dhoruba ya mchanga. Delta ni nchi ya mashamba na tope, na mji huo uliendelea kukaliwa hadi enzi za Warumi. Amri ya Ptolemaio III ya mwaka 238 K.K., iliyochongwa kwa maandishi ya aina tatu, ilipatikana papo hapo mwaka 1866.

Mwisho, kuuita Tanis mji mkuu wa Misri nzima katika nasaba ya 21 ni kutia chumvi. Kusini ilikuwa mikononi mwa makuhani wakuu wa Amuni huko Thebes, waliomtambua mfalme wa Tanis kwa jina na kuoana na ukoo wake, lakini waliojiendeshea jeshi na mambo yao wenyewe.