Mkono Uliovimba Ghafla Usichuliwe

Kijana mwenye afya njema anaamka asubuhi mkono mmoja umevimba tangu begani hadi vidoleni, mzito na unauma. Jana yake alishinda akipaka rangi dari, au alikuwa uwanjani akicheza voliboli. Nyumbani watasema ameteguka, aitwe mtu wa kumchua. Tunawasihi sana: msimchue. Huenda damu imeganda ndani ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na bonge hilo likisukumwa linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu. Mkono huo hubadilika rangi ukaelekea bluu, ila kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuona. Tazameni kucha na kiganja.

Chanzo kiko chini ya mtulinga, mfupa unaotoka kifuani hadi begani. Kati ya mfupa huo na ubavu wa kwanza kuna upenyo mwembamba unaopitisha neva (nyuzi za hisia na mwendo), ateri (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni) na vena za mkono. Kazi ya kuinua mikono kila siku, ajali ya shingo, au ubavu wa ziada ambao watu wachache huzaliwa nao shingoni, huweza kuubana.

Wagonjwa walio wengi wa mbano huu, zaidi ya 9 kati ya 10, hubanwa neva. Hupata ganzi na maumivu, mkono ukachoka haraka wanapoanika nguo au kusuka nywele. Hao huanza na mazoezi tiba kwa miezi kadhaa, na wengi hupata nafuu bila kisu.

Aliyeganda damu kwenye vena hana muda wa kusubiri. Altrasaundi ikithibitisha, tunapitisha mrija mwembamba na kumwaga dawa ya kuyeyusha bonge, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 14 tangu dalili zianze. Kuzibua peke yake hakutoshi. Ubavu wa kwanza ukiachwa pale, vena itabanwa tena. Hata stenti, kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa uwe wazi, ikiwekwa kabla mfupa haujatolewa, hupondwa ikavunjika.

Ateri ndiyo hubanwa kwa nadra kuliko vyote, na ndiyo inayotutia hofu zaidi. Ukuta wake hutanuka, mabonge madogo yakatokea humo na kushuka hadi vidoleni. Kidole kikiwa baridi, kimepauka au ncha imeanza kuwa nyeusi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Hapo tunaondoa mfupa unaobana, kisha sehemu ya ateri iliyoharibika tunaibadilisha, mara nyingi kwa vena ya mguu wa mgonjwa mwenyewe.

Ndugu huuliza ataishije bila ubavu. Ubavu wa kwanza hutolewa kupitia kwapani au juu ya mtulinga, na mtu huendelea kupumua na kuinua mkono kama kawaida. Hatari zipo: utando unaozunguka pafu unaweza kutoboka, au neva ikajeruhiwa, hivyo mwulizeni daktari uzoefu wake katika upasuaji huu. Baadaye hufuata wiki kadhaa za mazoezi, na kwa waliokuwa na bonge kwenye vena, dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi.