Tasa si witiri

Nimeisikia tena, safari hii kibarazani kwa jirani yangu, fundi seremala, akimsaidia mwanawe kazi ya nyumbani. "Namba tasa ni zile zisizogawanyika kwa mbili. Andika 1, 3, 5, 7, 9." Mtoto akaandika. Mimi nikanyamaza, maana si vizuri kumsahihisha mzazi mbele ya mwanawe.

Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Basi. Alizozitaja jirani ni witiri, na maneno haya mawili hayana undugu hata wa mbali.

Witiri tuliipokea kutoka Kiarabu pamoja na mwenzake, shufwa. Suratul Fajr inaapa kwa vyote viwili, na mwenye kufunga swala zake za usiku kwa rakaa moja ya witiri anaijua maana hata kama hesabu zilimshinda: isiyo na mwenzi. Panga vikombe viwiliviwili. Kikibaki kimoja, idadi ni witiri. Tarakimu ya mwisho inatosha kukujibu.

Tasa ni neno la zizini. Mbuzi asiyezaa ni tasa. (Lile tasa la shaba la kunawia ni neno jingine, tuliache kabatini.) Vikombe 13 ukitaka kuvipanga kwa safu zilizo sawa, utapata safu moja ndefu tu, au kila kikombe peke yake. Vikombe 15 vinakubali: safu tatu za vitanovitano. Zote mbili ni witiri, tasa ni moja. Waarabu na Wagiriki waliziita namba "za kwanza", kwa kuwa nyingine zote hupatikana kwa kuzizidisha hizo. Hapo naona jina letu limezionea kidogo: tasa hao ndio waliozaa ukoo mzima.

Kwenye namba ndogo kosa linajificha, kwani 3, 5 na 7 ni witiri na ni tasa pia. Kubwa ndizo zinazotuumbua. Chukua 4,294,967,297. Inaishia na 7, kwa tatu haigawanyiki, na Pierre de Fermat, Mfaransa aliyebobea katika mambo haya, aliamini ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Mwaka 1772 Euler huyohuyo akathibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa kweli. Nayo inaishia na 7! Ilibidi atafute vigawo hadi karibu na 46,340, na hapo ni baada ya kugundua njia ya kuruka vingi visivyo na haja. Kupita hapo hakuna maana: hicho ndicho kipeuo chake cha pili, na kigawo kikubwa kuliko hicho lazima kiwe na mwenzake mdogo, ambaye angeshanaswa.

Kwa hiyo, Baba Neema, daftari halijaharibika sana. 9 ikatwe, ni 3 mara 3. 1 nayo itoke, maana tumesema kubwa kuliko 1. Kisha mwanzoni kabisa, kabla ya 3, iingie 2: shufwa pekee iliyo tasa.