Mazoezi hayaamshi MS

Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za mazoezi Ulaya na Marekani, watu wenye multiple sclerosis (MS), ugonjwa wa ubongo na neva, walibaki ndani, na wengine wakaambiwa na ndugu zao: tulia, usijichoshe, utauamsha ugonjwa. Ushauri wa upendo, lakini si sahihi.

Chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona kuwa baadhi ya wagonjwa hawa wakijishughulisha, macho yao hufifia. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva, na neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa shida mwili unapopata joto. Macho yanaingia ukungu, mguu unakuwa mzito. Inatisha mno. Lakini mwili ukipoa, hali hurudi ilivyokuwa, na ubongo haujapata kidonda kipya.

Kwa hiyo dawa ya joto ni kulipoza: feni, maji baridi, kitambaa chenye maji shingoni, vipindi vifupi vyenye mapumziko. Nyumbani inatosha kuanza kwa kuinuka na kuketi kitini, mkono mmoja mezani. Wa kiti cha magurudumu afanyie kazi mikono.

Mazoezi husaidia pia kupunguza uchovu na sonona, ambayo huwapata wengi wenye MS. Hayachukui nafasi ya matibabu, na kumwambia mwenye sonona "fanya mazoezi tu" ni kumwonea.

Dalili mpya ikizidi saa 24, mpigie daktari.