Chama cha walimu ni cha mishahara tu?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Moshi, na hata kwenye ofisi za walimu, husemwa kuwa chama cha walimu kipo kudai mishahara na madaraja tu, taaluma tuiachie serikali. Si kweli. Pendekezo la UNESCO na ILO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya kazi) kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 (ndiyo asili ya Siku ya Walimu), linataka vyama vya walimu vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu.

Mipaka ipo. Mtaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Usajili na nidhamu ya mwalimu wa shule za serikali viko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Chama hakitoi leseni wala hakipandishi mtu daraja.

Kinachowezekana zaidi ni shuleni, kwenye mafunzo endelevu kazini, yaani MEWAKA. Walimu wa somo moja huchagua mada inayowasumbua wanafunzi, tuseme sehemu za namba, huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine huangalia wanafunzi wanakwama wapi, kisha hulirekebisha. Kazi hii huharibika kikao kikigeuka cha matangazo, au mwangalizi akiandika makosa kama mkaguzi. Hapo mwalimu huficha udhaifu wake. Mwakilishi wa chama anaweza kudai mambo mawili: muda ndani ya ratiba, na maelezo ya uangalizi yasiingie kwenye faili la nidhamu.