Chupa imepasuka mapema: tupime maji au tusubiri?

Mjamzito wa wiki 26 amepasukiwa na chupa. Hana homa, mapigo ya moyo yake na ya mtoto yako sawa, tumbo haliumi ukilibonyeza. Kwa macho utasema hana maambukizi. Lakini karibu theluthi moja ya wanaopasukiwa na chupa kabla ya wiki 37 huwa tayari wana vijidudu kwenye maji ya uzazi, na wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote. Homa huja mwishoni. Kipimo cha damu nacho husumbua: chembe nyeupe za mama zikipanda tunashuku maambukizi, lakini sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto huzipandisha zenyewe.

Ndiyo maana nikihitaji jibu huenda kwenye maji yenyewe. Naongozwa na altrasaundi, napitisha sindano nyembamba tumboni huku nikikwepa kondo la nyuma na mtoto, navuta mililita chache. Chupa ikishapasuka maji hupungua, na wakati mwingine hakuna hata mfuko mdogo wa kuchoma kwa usalama. Hapo naacha. Kuyakinga maji yanayotoka ukeni kisha kuyaotesha hakusaidii sana, maana yameshachanganyika na bakteria wa ukeni.

Tatizo ni muda. Kuotesha vimelea huchukua siku, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla majibu hayajatoka maabara. Ureaplasma, kijidudu kinachoonekana mara nyingi zaidi kwenye maji haya, hakina ukuta wa seli, hivyo rangi ya Gram, inayopakwa kwenye slaidi ili bakteria waonekane kwa hadubini, haikishiki, na kukiotesha kunataka chakula maalumu. Slaidi safi isikutulize.

Vipimo vya haraka huangalia zaidi jinsi mwili unavyopambana. Glukosi, yaani sukari ya kwenye maji hayo, ikishuka chini ya miligramu 14 kwa desilita tunashuku kuna vijidudu vinavyoila. Ni kipimo rahisi, lakini peke yake ni dhaifu. Chembe nyeupe tunazihesabu pia: kwa chupa ambayo haijapasuka, 50 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo hutushtua. Ninachokiamini zaidi ni interleukini-6, protini inayomwagwa wakati wa inflamesheni, yaani mwili unapowaka kupambana na madhara. Kuna kipimo cha kando ya kitanda kinachotoa jibu kwa takriban dakika 20.

Wenzangu, angalieni namba. Kwa kipimo hicho cha haraka kikomo kinachotumika sana ni pikogramu 745 kwa mililita. Kwa mbinu ya ELISA ya maabara ni nanogramu 2.6, yaani pikogramu 2,600. Ukichukua kikomo cha ELISA ukasomea majibu ya kipimo cha haraka, mama mgonjwa atapita kama mzima.

Tena, interleukini-6 husema kuna moto, haisemi nani kauwasha. Wapo wenye inflamesheni kali ambao hata PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu, haikuti kijidudu. Kwa hiyo sehemu ya maji napeleka kwenye PCR na kuotesha, huku tukiamua kuhusu dawa. Antibiotiki ya seftriaksoni pekee haiigusi Ureaplasma, kwa kuwa dawa hiyo hushambulia ukuta ambao kijidudu hicho hakina. Ndiyo maana huambatanishwa na antibiotiki nyingine, klarithromaisini.

Simpimi kila mtu, na miongozo mingi haikifanyi kipimo hiki kuwa cha kawaida kwa kila mama. Mwenye homa ya 39 na maji yanayonuka hahitaji sindano yangu. Anahitaji antibiotiki na kuzaa. Wa wiki 36 naye, jibu halitabadilisha tutakachomfanyia.

Na kwa yule wa wiki 26, jibu hasi ni la siku ile. Njia iko wazi, vijidudu vinaweza kupanda kesho. Tutaendelea kumpima joto na mapigo, kuangalia rangi na harufu ya maji, na kusikiliza moyo wa mtoto.