Je, wajua kwa nini mkebe wa rangi uliofunguliwa kwa bisibisi haufungiki tena sawasawa?

Desemba, watu wengi wa Kampala hupaka nyumba upya kabla ya kwenda kijijini kwa Krismasi, na mkebe wa lita 4 hubaki na rangi ndani. Pasaka ikifika, mwenye nyumba anataka kugusia mlango uliokwaruzika, anafungua, anakuta utando mnene umefunika rangi yote. Neno la kwanza mdomoni ni kwamba aliuziwa rangi feki. Mara nyingi rangi haina kosa lolote: mkebe uliharibiwa siku ile ile ulipofunguliwa.

Utazame mdomo wake kwa karibu. Kuna pete ya bati yenye mfereji mwembamba, na mfuniko una ukingo uliokunjwa unaozama humo. Hakuna mpira wala gundi. Kinachoziba ni bati kubana bati, kuzunguka duara lote. Ukipinda ukingo huo mahali pamoja tu, hata kwa unene wa ukucha, hewa imepata mlango.

Ncha ya bisibisi ni nyembamba, kwa hiyo nguvu yote ya mkono huishia kwenye nukta moja. Fundi mwenye haraka huichomeka, hukandamiza mpaka mfuniko uruke upande mmoja, na pale pale ukingo hubinuka. Kifungulio chenyewe ni kipande kifupi cha chuma chenye ncha bapa iliyopinda. Ncha hiyo hushika mfuniko kwa upana, na mgongo wake huegemea mdomo wa mkebe. Ukinunua rangi, iwe Ndeeba hapa Kampala au Busia mpakani, usiondoke kaunta bila kusema, "Bosi, naomba na kile cha kufungulia." Ni kitu cha bei ndogo sana. Ukikikosa kabisa, tumia bisibisi bapa pana, kamwe si ya nyota. Inua kidogo, sogea vidole viwili, inua tena, zunguka mara mbili. Mfuniko utalegea wote kwa pamoja.

Lakini hewa ina ubaya gani? Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza kwa tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, peke yake. Tina ikishatoka, mafuta yaliyomo hufyonza oksijeni na kuungana kuwa ngozi ngumu, na viwandani huongezwa madini kama kobalti ili kazi hiyo iende mbio. Ndani ya mkebe mambo ni yale yale ya ukutani. Mkebe wenye nafasi tupu ya lita 2, hapa Kampala kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, una takriban nusu gramu ya oksijeni. Ukizibwa vizuri, oksijeni hiyo hutumika, utando mwembamba hutokea, basi. Mfuniko uliopinda unaruhusu mkebe kupumua: mchana, chini ya mabati ya stoo, hewa ya ndani hupanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa mpya. Kila siku oksijeni mpya, kila siku utando unanenepa. Rangi ya maji yenyewe hupoteza maji, na kutu ya mferejini huidondokea.

Kufunga kuna siri moja, nayo ni usafi wa mfereji. Rangi iliyokaukia humo huuzuia mfuniko kuzama. Ikombe kwa brashi, kisha futa kwa tambara lenye tina, au maji kama ni rangi ya maji. Baadhi ya mafundi hutoboa mfereji kwa msumari ili rangi irudi ndani. Mimi sipendi, kwa sababu bati lililotobolewa hushika kutu upesi. Afadhali uchote kwa kikombe badala ya kumimina.

Halafu weka mfuniko, laza ubao juu yake, ugonge polepole kwa nyundo huku ukizungusha mkebe. Nyundo ikipiga bati moja kwa moja katikati, pale hubonyea na kingo huinuka. Kukanyaga kwa kisigino nako hubana upande mmoja tu.

Jaribu kwa kuugeuza juu chini kwenye gazeti. Ukivuja, usiulazimishe, hamishia rangi kwenye chombo kidogo kikavu, ijae karibu na mdomo, uandike jina la rangi na chumba ilikopakwa. Kama utando umeshatokea, usiukoroge. Ukate pembeni kwa kisu, uutoe mzima, kisha uchuje rangi kwa soksi ndefu ya nailoni.

Na lile tambara la rangi ya mafuta usilikunje na kulitupa kwenye kona ya stoo. Mafuta yakifyonza oksijeni hutoa joto, na joto likifungiwa ndani ya mkunjo tambara linaweza kushika moto lenyewe. Litandaze nje, mbali na watoto, mpaka likauke kabisa ndipo ulitupe.