Stadia 250,000 sawa, lakini stadia ipi?

Jana tena. Tuko site tunasubiri GPS ishike setilaiti, dogo anayenishikia rodi ananionyesha klipu: eti Eratosthenes, yule msomi Mgiriki wa kale, alichomeka fimbo chini akapata mzunguko wa dunia kwa kosa la asilimia moja tu. Jamani. Mimi kazi yangu ni kupima ardhi na hiyo asilimia moja imepikwa.

Hesabu yenyewe haina neno. Solstisi ya Juni (siku jua linapofika kaskazini kabisa), Siene (Aswan ya sasa) jua la utosini, kivuli hakuna, Aleksandria kivuli kinatoa nyuzi 7.2, hiyo ni moja ya hamsini ya duara, kati yao stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale), zidisha kwa hamsini, unapata 250,000. Tena Cleomedes, mwandishi Mgiriki aliyetusimulia, anataja saa ya jua ya bakuli, fimbo mmeitoa wapi?

Haya, stadia moja ni mita ngapi? Hapo klipu kimya. Weka mita 185 upate kilomita 46,250, umezidisha asilimia 15 na ushee. Weka 157.5 upate 39,375, halafu chukua zile stadia 252,000 wanazozitaja Strabo na Pliny, waandishi wa kale, zinazogawanyika kwa 360 bila baki, ndo unafika 39,690 na watu wanapiga makofi. Wataalamu wenyewe hawajaelewana ipi ni ipi, na mimi naona walioipenda ile fupi walishalijua jibu.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanja kilichouzwa kwa hatua, 20 kwa 20. Muuzaji mfupi, mnunuzi mrefu kama mlingoti, kila mtu akazipiga zake mbele yangu wakapishana karibu mita nne na hakuna aliyeiba. Sasa hiyo 5,000 yenye sifuri tatu safi vile unaniambia ni kipimo? Na Aswan haiko kusini ya Aleksandria moja kwa moja, imekwenda mashariki nyuzi 3, na tropiki (mstari ambako jua la Juni linakuwa utosini) enzi hizo ilipita kama kilomita 40 kusini yake. Makosa yakakatana, bahati.

Karne ya 9 watu wa khalifa al-Ma'mun walitembea jangwani Sinjar mpaka urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike nyuzi moja, wakapata maili 56 na theluthi mbili kwa nyuzi hiyo moja. Kazi safi, ila maili ya Kiarabu. Columbus akaibeba namba hiyohiyo akaisoma kwa maili fupi ya Kirumi, dunia yake ikasinyaa robo nzima.

Dogo ananiuliza, kwa hiyo bosi, klipu niifute? Nikamwambia GPS imeshashika, chukua rodi tukatafute bikoni.